Nukta Iliyopewa Namba Yake

Toleo la 10 la Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, lilitoka Juni 2017 likiwa na alama ambayo karibu hakuna anayeiandika siku hizi: ㄮ, namba 312E. Ni ya Bopomofo, hati ya kuonyesha matamshi ya Kichina ambayo watoto wa Taiwan huanza nayo shuleni. Wapo wanaoona kwamba kuipa namba ni anasa ya wataalamu. Kwangu ilistahili, tena ilichelewa.

Mwaka 1913 mkutano wa Beijing wa kuunganisha matamshi ulikubali alama zilizotokana na kazi ya mwanazuoni Zhang Binglin, aliyezitoa katika maumbo ya kale ya Kichina. Wizara ya Elimu ilizitangaza Novemba 1918, zikiwa 39. Humo ㄛ ilibebeshwa irabu mbili: moja iliyo karibu na o yetu, na nyingine isiyomo katika Kiswahili, itamkwayo nyuma ya kinywa bila kuviringa midomo. Mwaka 1920 zikatenganishwa, na ile ya pili ikapewa ㄛ yenye nukta juu, yaani ㄮ. Baadaye nukta ikaungana na mstari wa chini yake, ikawa ㄜ ya leo. Vilipokuja viwango vya kompyuta, GB 2312 cha China mwaka 1980 na Big5 cha Taiwan mwaka 1984, vilichukua herufi 37 zilizobaki katika matumizi, na Unicode ikafuata mkondo huo: ㄜ ikapata 311C. Umbo la nukta likabaki kwenye karatasi.

Pingamizi zito ni hili: Unicode husajili herufi, haisajili sura zake. Alama ya ㄧ, kwa mfano, hulala au kusimama kulingana na mwelekeo wa maandishi, na bado ina namba moja tu, 3127. Kwa nini ㄮ isihesabiwe kuwa ㄜ iliyovaa fonti ya zamani? Kwa sababu sura ya ㄧ huamuliwa na ukurasa, hivyo ukijua mwelekeo umeijua sura. ㄮ na ㄜ hutenganishwa na miaka, na kitabu kinachoeleza mageuzi hayo huzihitaji zote mbili katika sentensi moja. Namba moja ingemlazimu mwandishi kubadili fonti katikati ya mstari, na maandishi yakinakiliwa kwingine tofauti yote ingepotea.

Wengine watasema basi ingetosha kubandika nukta ya kawaida juu ya ㄛ. Lakini katika Bopomofo nukta ina kazi nyingine: huonyesha toni hafifu, na maandishi yakishuka wima hukaa juu ya silabi, palepale ambapo nukta ya ㄮ ingekaa. Wala si jambo geni kwa nukta kuwa kiungo cha herufi. Aliyesoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu anajua kuwa be na te hutofautishwa na nukta tu, na Unicode imeipa kila moja namba yake, 0628 na 062A, bila kuziunda kwa kubandika. Kuhusu nafasi sioni hoja kabisa. Mpango mzima una nafasi zaidi ya milioni moja.

Hasara moja ni ya kweli. Anayetafuta ㄜ katika maandishi ya zamani yaliyoingizwa kwenye kompyuta anaweza kuzikosa zote zilizoandikwa ㄮ. Hilo hutibika: programu za kutafuta zinaweza kuzihesabu mbili hizo kuwa kitu kimoja, kama zifanyavyo kwa herufi kubwa na ndogo. Kinyume chake hakitibiki, kwa kuwa kitabu kikishaingizwa kwa ㄜ peke yake, hakuna programu itakayotambua ni zipi zilichapwa kwa nukta.