Vipimo vya Takwimu na Mikorosho ya Masasi na Newala

Newala iko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na mtu akisimama hapo hulitazama bonde la Ruvuma chini yake. Masasi iko kaskazini magharibi, katika nchi ya chini yenye vilima vya mawe. Katika wilaya hizo mbili mkorosho ndio mti wa ada ya shule na wa mabati ya nyumba.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Sababu haikuwa moja. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya wakaiacha mikorosho yao mbali, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Tena, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ulienea ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hufunika maua na majani machanga kwa ukungu mweupe, maua yakanyauka yasizae. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine. Lakini salfa hununuliwa kwa fedha, na mkulima alikuwa na haki ya kuuliza: mti uliopulizwa umezaa kwa sababu ya salfa, au ungezaa vivyo hivyo?

Swali hilo halijibiwi kwa macho, maana mikorosho iliyoota kwa mbegu hutofautiana sana hata katika shamba moja. Njia ya kulijibu ilitengenezwa na R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Yeye aliwafundisha watafiti kugawa shamba katika mafungu, kupiga kura ili kujua kipande kipi kipewe dawa ipi, kisha kupima kama tofauti iliyoletwa na dawa yaipita ile ambayo vipande vinayo vyenyewe. Kitabu chake cha vipimo hivyo kilitoka mwaka 1925. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947, na ulioifikia Nachingwea, jirani ya Masasi, ulikimbilia matrekta kabla ya majaribio madogo ya kutosha. Ulivunjika mwaka 1951.

Hesabu zenyewe zilikuwa kazi ya jasho. Makarani walizungusha mashine za mkono, kisha wakatafuta jibu katika majedwali yaliyopigwa chapa. Rothamsted ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1954. Leo mtafiti aandikaye programu fupi kwa lugha ya Python au ya R haandiki kanuni za Fisher upya. Huziita kutoka katika kile ambacho mafundi wa kompyuta hukiita maktaba, yaani mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Jina hilo lina kasoro yake: katika maktaba ya vitabu msomaji hufungua kitabu akaona hoja, bali katika hii huona jibu tu, asipojihimu kusoma maelezo.

Mwenye kutumia R hana haja ya kwenda mbali, kwani vipimo vya kawaida huja pamoja na lugha yenyewe, na vingine huhifadhiwa katika ghala la CRAN, lililofunguliwa mwaka 1997. Katika Python maktaba ya kwanza kutazamwa ni SciPy, iliyoanza mwaka 2001. Humo mna kipimo cha Kruskal na Wallis cha mwaka 1952, kifaacho pale ugonjwa unapopewa alama za daraja badala ya uzito wa korosho. Lakini uchambuzi wa tofauti uliomo, uitwao f_oneway, haujui mafungu ya shamba. Mwenye mafungu hana budi kutumia kipimo cha Friedman, au kwenda kwenye statsmodels.

Hata hivyo kuna kosa ambalo hakuna maktaba iliyopewa kazi ya kulikamata. Tuseme mtafiti wa Newala amepuliza miti 4, akaacha 4, kisha akahesabu vichala 40 vya maua katika kila mti. Akiingiza vichala 320 kama kwamba kila kimoja ni jaribio lake, kompyuta itampa jibu lenye uhakika mkubwa sana, nalo si kweli, kwa kuwa kura ilipigwa kwa miti 8 tu. Tena upepo wa uwandani huchukua unga wa salfa hadi mti wa jirani usiokusudiwa, hata ule wa kulinganishia ukawa umetibiwa nusu. Shida hii ya pili hutatuliwa shambani, kwa kuacha safu ya miti isiyohesabiwa kati ya vipande. Ile ya kwanza hutatuliwa kwa neno moja katika R: ndani ya aov huandikwa Error(mti), na vichala hurudi kuhesabiwa chini ya mti wao.