Mini, Wigi na Studio: Historia Yetu Inayooza Masandukuni

IHANJA, IKUNGI. Januari 2021, Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert la London lilitoa tangazo ambalo si la kawaida kwa taasisi kubwa kama ile. Lilikuwa likiandaa onyesho la mitindo ya Afrika, na badala ya kutegemea maghala yake peke yake likawaomba watu wa kawaida wafungue masanduku yao. Lilitaka magauni ya mama, suti za baba, picha za familia. Onyesho lilifunguliwa tarehe 2 Julai 2022, likahamia Brooklyn mwaka 2023 na Melbourne mwaka 2024. Picha za studio za Sanlé Sory wa Burkina Faso na za James Barnor wa Ghana zilitundikwa jirani na mavazi ya miaka ya uhuru, na watu wakalipa kiingilio kuziona.

Hapa kata ya Ihanja, mkoani Singida, hakuna aliyekuja kuuliza. Picha zenyewe zipo. Zimo kwenye fremu za sebuleni zilizoliwa na mchwa pembeni, zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda pamoja na kadi za kliniki na risiti za pamba. Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, zenye ukingo uliokatwa kama meno ya msumeno. Kijana amesimama mbele ya pazia, suruali imepanuka chini hadi kufunika kiatu, mkono wa kushoto umeletwa mbele makusudi ili saa ionekane. Pembeni pana kimeza chenye maua ya plastiki. Geuza nyuma: muhuri wa studio umefifia, jina halijaandikwa, mwaka haupo.

Historia ya picha hizi ilianzia pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wagoa akina A. C. Gomes walifungua studio Unguja, na wenzao wakafuata. Waliopigwa picha mwanzoni walikuwa masultani, mabalozi na matajiri, na mara nyingi watu wa kawaida ambao sura zao ziliuzwa kama kadi za posta bila majina yao. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amefanya kazi kwa Gomes, akafungua Capital Art Studio mjini Unguja. Huyu alimpiga picha Sultani Khalifa bin Harub, akapiga harusi na mitaa, akaendelea na kazi baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwanawe Rohit akairithi studio. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh, aliyeanza miaka ya 1940, ambaye wateja wake walipenda kupiga pozi kama waigizaji wa filamu za Kihindi.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja, amezisoma picha za zamani kwa jicho la nguo, na kazi yake inastahili kusomwa na kila anayedhani mitindo ni upuuzi. Kabla ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mtumwa alijulikana kwa macho tu: merikani nyeupe isiyo na pambo au kaniki nyeusi, kichwa wazi, miguu mitupu. Baada ya hapo wanawake walikimbilia kanga za rangi, kisha buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Hakuna aliyewapa hati ya uungwana. Waliinunua dukani kwa doti, wakajifunga, wakatoka barabarani. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipata kuwa mwimbaji aliyerekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na kanga zikavaliwa kwa fahari na wanawake waliomsikiliza.

Huku bara mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Wanyaturu, wenyeji wa huku Singida, walikuwa watu wa ng'ombe, na ngozi ndiyo iliyokuwa nguo. Wataalamu waliokuja kuwaandika, kina Eberhard von Sick wakati wa Wajerumani, Harold Schneider karibu na uhuru na Marguerite Jellicoe baada yake, walihesabu mifugo, ndoa na matambiko. Nguo za dukani ziliingia pamoja na kodi, misheni na kazi za mashambani mbali na nyumbani. Kijana aliyerudi na suti alikuwa na jambo la kuonyesha, na picha ya studio ilimwonyesha hata baada ya suti yenyewe kuchakaa.

Lakini kisa kinachostahili ukumbi mzima wa makumbusho ni cha mwaka 1968.

Mwaka mmoja kabla, 1967, Theresa Shayo alikuwa amevishwa taji la Miss Tanzania, la kwanza katika historia ya nchi. Dar es Salaam ilikuwa imejaa sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukapitisha azimio la kuvipiga marufuku vyote hivyo, utekelezaji uanze tarehe 1 Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Andrew Ivaska, aliyeandika kitabu kizima mwaka 2011 kuhusu vijana na mitindo ya Dar es Salaam ya miaka hiyo, anaonyesha kwamba baadhi ya vijana hawakuisubiri tarehe. Makundi yaliwavamia wanawake eneo la mabasi la Kariakoo, wakawazomea na kuwachania nguo mbele ya watu, hadi polisi wakaingilia kati.

Kilichofuata ni mjadala ambao sijui kama tumewahi kuwa na mwingine wa namna ile juu ya nguo. Kurasa za barua za magazeti zilifurika. Waliounga mkono walisema mini ni utumwa wa fikra, taifa lililotangaza Azimio la Arusha haliwezi kuvaa kwa kuiga. Waliopinga waliuliza swali gumu: kama mini si utamaduni wetu, suti na tai za viongozi zilitoka kijiji gani? Na wakakumbusha kwamba wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache lubega wavae suruali. Binti wa mjini aliambiwa amejifunika kidogo mno kwa sababu ya Uzungu. Mmasai aliambiwa amejifunika kidogo mno kwa sababu ya ushamba. Mwaka huohuo 1968 kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilianza kutoa kanga na vitenge pale Ubungo, kwa hiyo nchi ilikuwa inafuma kitambaa chake yenyewe na kugombana juu ya urefu wake.

Ivaska anasisitiza, nami nakubaliana naye, kwamba ugomvi haukuwa wa nguo tu. Mwanamke aliyevaa mini mara nyingi alikuwa katibu muhtasi au mwanafunzi, mtu mwenye mshahara au elimu yake, katika mji ambamo wanaume wengi vijana hawakuwa na kazi. Aliyepigwa Kariakoo aliadhibiwa kwa kujitegemea. Hilo linapaswa kusemwa wazi, hata na sisi tuliolelewa kuheshimu kila jambo la enzi ile.

Mashindano ya urembo nayo yalipigwa marufuku, yakarudi mwaka 1994. Mini hazikuisha. Suruali pana za bugaluu na viatu vya soli nene vya raizoni zilikuja baadaye, na kwenye picha za Singida zinaonekana kana kwamba hakuna operesheni yoyote iliyowahi kutangazwa. Kisha uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha mitumba, kisha picha za rangi, kisha simu. Studio nyingi zikafunga, na negativu zikatupwa au kuchomwa.

Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, na yana haki ya kujivunia mafuvu ya zamadamu na magari ya viongozi. Kijiji cha Makumbusho kinaonyesha nyumba za asili za makabila yetu, na ni kazi njema. Ila Mtanzania wa mwaka 1970 mwenye afro na shati la kola ndefu, aliyekwenda studio na mchumba wake siku ya Sabasaba, naye anastahili ukuta wake. Tukiendelea kungoja, wajukuu wetu watakwenda kumtazama London.

Wizara yenye dhamana ya utamaduni na halmashauri ya Ikungi hazihitaji jengo jipya ili zianze. Skana moja, kijana mmoja wa sekondari anayejua kompyuta, na wiki chache za kupita kaya kwa kaya wakati wazee wenye majina ya waliomo pichani wangali hai. Na wewe msomaji, iwe uko Ihanja au kwingineko: toa picha kwenye fremu leo, ioneshe kwa bibi au babu, andika nyuma yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la mtu, mahali na mwaka.