Kimini cha Kariakoo Mpaka Maandamano ya Nairobi: Kesi ni Nguo Kweli?

Kuna watu wanaamini ubishi wa "kavaaje huyu" umeletwa na Instagram. Wapi! Dar es Salaam waliubishania zaidi ya miaka 50 iliyopita, na wanawake wakapigwa kweli kweli.

Oktoba 1968 vijana wa TANU walipitisha azimio: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, mkorogo na suruali za kubana marufuku. Wakaiita Operesheni Vijana. Sasa, mtaani hawakungoja Januari. Siku chache tu baadaye, makundi ya wanaume pale Kariakoo yalikuwa yanawavamia wadada kwenye mabasi, kuwapiga na kuwachania nguo.

Magazetini barua zikamiminika. Hawa wanasema kimini si utamaduni wetu, wale wanajibu: kwani suti na tai ni utamaduni wa babu yupi? Swali hilo halikupata jibu. Ukizisoma hoja zile vizuri unaona hasira haikuwa ya kitambaa. Mji ulikuwa na wasichana wa ofisini, wanaopiga taipu na kupokea mshahara wao wenyewe, na ulikuwa na vijana wa kiume kibao wasio na ajira. Kimini kilikuwa kisingizio tu.

Ruka hadi Nairobi, Novemba 2014. Mwanamke anavuliwa nguo kituo cha matatu, eti kavaa vibaya. Video ikasambaa. Tarehe 17 wanawake wakaandamana kwa kaulimbiu ya #MyDressMyChoice. Wapinzani nao wakaja na yao, kwamba kukaa uchi si uamuzi wa mtu binafsi. Hapo ndipo mjadala ulipopotea njia: watu wakaanza kupima urefu wa sketi badala ya kuuliza nani kampa kondakta ruhusa ya kumgusa abiria. Hata baadhi ya waliounga mkono waliona kaulimbiu ile inawapa wapinzani uwanja, maana aliyevaa dera naye hupigwa.

Lakini kelele zilizaa kitu. Desemba mwaka huohuo sheria ya Kenya ikaongezwa kifungu: kumvua mtu nguo kwa nguvu, jela isiyopungua miaka 10. Julai 2017 wanaume watatu waliomvua na kumwibia abiria kwenye basi eneo la Githurai walihukumiwa kifo. Cha ajabu, adhabu ya kifo ilitokana na wizi wa kutumia nguvu. Kwa simu na hela, siyo kwa mwili wake.

Miaka kumi baadaye maneno yamebadilika. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa kwenye vyumba vya kupanga kwa siku jijini Nairobi, wenye mdomo waliuliza "alifuata nini kule?" Ni kimini kilekile, kimebadilishiwa jina. Na takwimu za Umoja wa Mataifa zinawaumbua: mwaka 2023 duniani wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wapenzi wao au ndugu wa familia. Yaani watu wa nyumbani.

Januari 27 maelfu waliingia barabarani Kenya, safari hii nguo haikutajwa sana. Walidai kuacha kuuawa. Desemba 10 wakatoka tena Nairobi. Polisi wakawapiga mabomu ya machozi.