Sarafina alitokea uani, KwaMashu



 

Leo nawaletea historia ya dada mmoja ambaye sura yake mnaijua nyote, ila jina lake wengi hamlijui. Ukitaja Sarafina hata mtoto anaelewa. Jina lake halisi ni Leleti Khumalo. Wapo wanaodhani Hollywood ndiyo iliyomuibua. Si kweli. Filamu ilitoka mwaka 1992, na wakati huo ilikuwa imepita miaka mitano tangu aanze kuicheza hadithi ile jukwaani.

Leleti alizaliwa mwaka 1970 KwaMashu, kitongoji cha Waafrika karibu na Durban. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Angali binti mdogo alijiunga na Amajika, kikundi cha vijana kilichokuwa kikifanya mazoezi uani, kikilelewa na mwanamuziki Tu Nokwe. Mwaka 1985 akaonwa na mtunzi Mbongeni Ngema, ambaye akamwandikia nafasi ya Sarafina.

Mchezo wenyewe unahusu wanafunzi wa Soweto na moto uliowashwa tarehe 16 Juni 1976, watoto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Ulianza kuonyeshwa mwaka 1987 Market Theatre, Johannesburg, jengo ambalo zamani lilikuwa soko la matunda. Mandela alikuwa bado gerezani, nchi iko kwenye hali ya hatari, na binti huyu anasimama mbele ya watu akiigiza kuwa Mandela siku ya kuachiwa huru! Jamani, huo ni ujasiri.

Mwaka huo huo wakavuka bahari kwenda New York. Januari 1988 wakaingia Broadway, wakaonyesha mara 597 hadi Julai 1989. Leleti akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani. Hakuipata, lakini alikuwa na miaka 18 tu. Ndipo ikaja filamu, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu na Miriam Makeba, yule yule aliyeimba Malaika, akiwa mama yake Sarafina.

Ndugu zangu wa Morogoro, hadithi hii inawagusa. Baadhi ya vijana waliokimbia nchi yao baada ya 1976 walifika kwenu Mazimbu, ambako ANC walijenga shule ya Solomon Mahlangu. Leo ni kampasi ya SUA.

Kinachonifurahisha zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2004 Leleti aliigiza katika Yesterday, filamu ya Kizulu kuhusu mama wa kijijini mwenye virusi vya Ukimwi, anayeomba aishi tu hadi amwone binti yake akianza shule. Mwaka 2005 filamu hiyo ikateuliwa kuwania Oscar, kundi la filamu za lugha za kigeni. Yaani alifika kote huko akiwa na hadithi za kwao, na safari hii kwa lugha ya mama yake.

Sasa nasikia huko nyumbani kuna mabishano kuhusu binti yetu anayetaka kujiunga na kikundi cha maigizo, wengine wakisema ni uhuni. Wazee wangu, naomba kwa heshima: asome, tena sana, lakini mazoezi ya jioni asinyimwe. Na wewe binti, usidhani ni lazima kwanza upate viza au ubane pua ndipo uonekane. Anzia hapo hapo uani, kwa Kiswahili chako.

Nisalimieni wote. Tuko pamoja.