Katharine Hepburn na Mto Ruiki: Nusu ya Pili Ilianzia Kongo

Wengi walioandika maisha ya Katharine Hepburn huipitia Kongo mbiombio. Husimulia jinsi alivyoumwa na kuhara damu, jinsi mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston walivyokunywa wiski badala ya maji wakabaki wazima, kisha hao wamesharudi Hollywood, kana kwamba msafara wa 1951 wa kupiga filamu ya The African Queen ulikuwa likizo yenye mbu. Sikubaliani nao. Kwenye Mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ubundu, mji ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville, ndiko ilikoanzia nusu ya pili ya kazi ya mwigizaji huyu, na bila nusu hiyo angekumbukwa kama nyota mmojawapo wa miaka ya 1930.

Alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, tarehe 12 Mei 1907. Baba alikuwa daktari. Mama alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Hepburn alianzia jukwaani, na mwaka 1932 mchezo wa The Warrior's Husband ulimfungulia njia ya kwenda kwenye sinema. Mwaka uliofuata, Morning Glory ikampatia tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Halafu mambo yakamharibikia: mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani miongoni mwa nyota waliokuwa wakiwafukuzia wateja. Akarudi jukwaani. Philip Barry alimwandikia The Philadelphia Story, mchezo uliopendwa sana New York mwaka 1939, na kwa kuwa tajiri Howard Hughes alikuwa amemnunulia haki za kuutengenezea filamu, Hollywood iliyoitaka hadithi ikabidi imchukue na mwenyewe. Ulikuwa ujanja wa biashara kuliko wa sanaa, nami sioni ubaya. Lakini mhusika wa mchezo ule, mwanamke mwenye mali, madaha na ulimi mkali, alimganda. Watazamaji walimtarajia huyohuyo hata katika filamu alizocheza na Spencer Tracy. Kufikia 1951 alikuwa na miaka 44, umri ambao studio zilikuwa zikianza kuwasahau waigizaji wa kike.

Rose Sayer wa The African Queen hana mali wala madaha. Ni dada wa mmisionari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, hajaolewa, anafiwa na kaka yake, kisha anamshawishi nahodha mlevi washuke mto kwa mashua ya mvuke wakaizamishe meli ya Wajerumani. C. S. Forester, aliyetoa mwaka 1935 riwaya iliyozaa filamu hiyo, aliijenga juu ya vita halisi ya Ziwa Tanganyika, pale Waingereza walipozisafirisha mashua Mimi na Toutou kupitia Katanga hadi ziwani mwaka 1915. (Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani, haikuhitaji mmisionari: Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, baadaye ikaopolewa, ndiyo Liemba ya Kigoma.) Kwa nafasi kama hii, urembo wa studio ungekuwa mzigo. Msituni mashua ilizama ikabidi iopolewe, joto halikumhurumia mtu, na mwigizaji alikonda kwa maradhi. Katika onyesho la kanisani alipiga kinanda huku ndoo ya kutapikia ikiwa karibu. Mwili uliochoka tunaouona kwenye filamu haukupakwa rangi.

Kuna watakaosema sifa ni za Huston, kwa sababu ndiye aliyemshauri aigize kwa tabasamu la Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais wa Marekani, anapowatembelea askari waliojeruhiwa, na Hepburn mwenyewe alilisifu sana shauri hilo. Ni kweli, ila lilitolewa hukohuko kambini, baada ya Huston kumwona akiigiza kwa uso uliokunjamana mno. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya filamu haikupigwa Kongo. Kundi lilihamia Uganda, Butiaba na Maporomoko ya Murchison. Maonyesho ya ndani ya maji yalimaliziwa katika studio karibu na London. Robert Morley, aliyecheza kaka mtu, hakukanyaga Afrika hata kidogo. Nakubali yote. Hata hivyo, alipoingia katika maji ya London alikuwa tayari ameshampata Rose. Kilichofuata kinathibitisha: Summertime mwaka 1955 na The Rainmaker mwaka 1956, zote za wanawake wasioolewa wanaochelewa kupenda, zote zikimfanya awanie Oscar. Baadaye akaongeza tuzo tatu, za filamu za 1967, 1968 na 1981. Jukwaa nalo hakuliacha. Alicheza Shakespeare na Shaw, akaimba katika Coco mwaka 1969. Alifariki tarehe 29 Juni 2003.

Msomaji wa Goma, hukuhuku Kongo, ana pingamizi lake, nalo halijibiki kirahisi. Tujivunie nini katika filamu ambayo Waafrika wake wanaimba bila kueleweka, wanachomewa kijiji, kisha hawaonekani tena kama watu wenye jina? Tena ilipigwa katika koloni ambalo serikali yake ilichuja filamu za kuonyeshwa Wakongomani. Sidai tujivunie. Nadai kuwa tuna sehemu katika kumbukumbu hii, kwa sababu kambi ya mianzi na majani ya michikichi haikujijenga. Hepburn aliandika kitabu kizima kuhusu msafara ule, kilichotoka mwaka 1987. Jina lake refu linawataja Bogart, mkewe Lauren Bacall na Huston, na waliobaki wote wamo ndani ya neno moja, Afrika. Leo Goma ina vijana waliojifunza kushika kamera katika kituo cha Yole!Africa, nao wanaweza kwenda kuwatafuta waliobaki hao. Ubundu ni mbali na barabara ni mbaya, lakini aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1951 sasa ana miaka kama 90, na kama yuko aliyeona mashua ile ikizama, ndiye wa kuhojiwa kwanza.