Maana ya Neno "Mwanya" na Vita vya Delta ya Rufiji

Maneno mwanya na pengo huchanganywa mara nyingi, lakini maana zake ni mbalimbali. Pengo ni mahali palipotoka kitu, kama jino lililong'oka. Mwanya ni nafasi ndogo baina ya vitu viwili vilivyo kamili. Kwa hiyo mwenye mwanya husifiwa uzuri, wala mwenye pengo hasifiwi.

Tofauti hii yaonekana katika delta ya Rufiji, ambayo upande wake wa kaskazini sasa umo katika Wilaya ya Kibiti. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ilipokwisha kuizamisha Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha humo. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli yao Newbridge katika mkono wa Suninga, ili kumfungia adui njia. Mlango mmoja ukazibwa, bali mianya mingine baina ya visiwa vya mikoko ilibaki wazi. Lakini mwanya hauna mwenyewe. Julai 1915 manowari Severn na Mersey, ziwezazo kupita katika maji haba, ziliingia kwa njia ya Kikunja. Tarehe 11 Königsberg ikaangamia.

Hapo yafahamika kwa nini mwanya una maana ya fursa pia: humfaa kila awezaye kupenya, akiwa mwenye kujificha au mwenye kumwinda.