Kuvunja Kusikovunja Kitu

Mshtakiwa anasomewa shtaka la kuvunja nyumba usiku, naye anajibu upesi: "Mheshimiwa, sikuvunja kitu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu." Kwa majirani waliokuja kusikiliza kesi, amejitetea vizuri. Kwa hakimu, amekaribia kukiri.

Kifungu cha 303 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhesabu mtu kuwa amevunja nyumba akifungua mlango, dirisha au chochote kilichowekwa kuziba uwazi, iwe kwa ufunguo, kwa kusukuma, kuvuta au kuinua. Kitasa chaweza kubaki kizima. Hata aliyebisha hodi akijidai fundi wa bomba, akakaribishwa ndani kwa tabasamu, amevunja. Na aliyekula njama na mtu wa humo ndani vilevile.

Kuingia nako kuna maana yake. Inatosha sehemu ya mwili au ya chombo ipite. Mtu akisimama uani, akapenyeza upembo kwenye nondo na kuvuta shati lililotundikwa, ameingia, ingawa miguu yake haijagusa kizingiti. Ila kama dirisha liliachwa wazi kabisa, hapo pana kuingia bila kuvunja. Shtaka la kuvunja litayumba, na la wizi litabaki pale pale.

Basi kufuli lina kazi gani mahakamani? Ni ushahidi. Kufuli lililokatwa, likiletwa kama kielelezo, huonyesha kwamba mlango ulikuwa umefungwa na kwamba aliyeingia hakuwa na ruhusa. Lisipokuwepo, mlalamikaji atahojiwa sana: nani alifunga, saa ngapi, na funguo nyingine anazo nani?

Sioni haja ya kutafuta neno jipya. Kiswahili huvunja ahadi, ndoa na mwiko bila kusikika mlio wowote. Kinachovunjwa nyumbani ni ule uamuzi wa mwenyewe wa kufunga. Uingereza, ilikotoka dhana hii, iliachana nayo kwa Sheria ya Wizi ya 1968, ikabakiza kuingia bila haki. Kenya bado inayo: kifungo cha hadi miaka 7 mchana, na hadi 10 usiku, unaohesabiwa tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Na pazia la mlangoni je, ni kitu cha kuziba uwazi? Wakili mwenye ulimi anaweza kulibishania hilo asubuhi nzima.